Sikio la Shangazi: Kupima Mchoro wa Kumbukumbu

Ukiletewa mchoro wa shamba la kakao, tazama kwanza matunda yameota wapi. Kakao huzaa kwenye shina na matawi manene. Tunda limeng'ang'ania gome kwa kikonyo kifupi. Mchoraji aliyeyaning'iniza kwenye ncha za matawi kama maembe hakukumbuka shamba, alikumbuka neno "mti" tu. Hapa Mutwanga, eneo la Beni, mashariki mwa Kongo, chini ya Ruwenzori, hata mtoto atamcheka.

Na huku kwetu watu huchoresha sana visivyopo tena. Tangu mauaji ya Beni yaanze Oktoba 2014, wengi wameyakimbia mashamba hayo hayo, tena msimu wa mavuno. Kisha Ebola ya 2018 hadi 2020 ikatuzikia watu bila jamaa kuwaosha wala kuwagusa. Kinachobaki mara nyingi ni kadi ya mpiga kura, na picha yake haizidi dole gumba. Familia inampelekea mchoraji kadi hiyo na kusema: mkuze.

Hapo ndipo jicho la mnunuzi linapotakiwa kuwa kali. Wengi hulipia mng'ao: kitone cheupe katika kila mboni, midomo yenye unyevu, nywele zilizohesabiwa moja moja. Mimi naanza na masikio. Picha ya kadi imechapwa kwa nukta, na nukta haziwezi kubeba mikunjo ya sikio wala tundu la pua, kwa hiyo mchoraji lazima avipate kwingine. Asiyeuliza huvitoa kichwani mwake, na huko kichwani kuna sikio moja tu ambalo huwapachika watu wote. Weka kazi zake tatu pamoja. Masikio yakilingana, usilipe.

Yalinikuta. Shangazi yangu alikuwa na ndewe iliyopasuka, hereni iliivuta akiwa msichana. Picha niliyoletewa ilikuwa nzuri kabisa: macho yanakufuata, shingo laini, ndewe mbili nzima. Mama aliitazama akasema, "Mama huyu ni nani?" Fundi (simtaji) alikuwa na mkono mzuri kuliko wote niliowajua. Hakuuliza neno hata moja.

Baada ya masikio, fuata mwanga. Kivuli cha pua na kivuli cha kidevu vielekee upande mmoja; vikipingana, uso umeungwa kutoka picha mbili. Halafu tafuta mahali palipoachwa wazi. Hili huwashangaza wanunuzi, wanadhani karatasi tupu ni uvivu. Lakini kumbukumbu ina mashimo, na mchoraji mwaminifu hayazibi kwa maua ya kubuni. Kitenge ambacho hakuna anayekumbuka nakshi yake kichorwe mikunjo tu, basi.

Wala kufanana si kipimo pekee. William Utermohlen, mchoraji Mmarekani aliyeishi London, aliambiwa mwaka 1995 kwamba ana ugonjwa wa Alzheimer, naye akaendelea kujichora. Picha zile ukizipanga kwa miaka unaona uso ukipoteza vipimo vyake, macho yakihama, hadi kinabaki kichwa kisicho na mwenyewe. Kwa kipimo cha kufanana, za mwisho ni mbovu. Mimi ningechukua za mwisho.

Lakini mchoro wa mtoto aliyeona mauaji usiupime hata kidogo. Usimsahihishie miguu ya mtu, wala usimwagize achore alichokiona. Akichora mbuzi, ni mbuzi. Mengine ni kazi ya mwanasaikolojia aliyeketi naye.

Mtu mzima anayetaka kuunoa mkono wake ana njia ya zamani. Huko Paris, katika karne ya 19, Horace Lecoq de Boisbaudran, aliyemfundisha Rodin, aliwazoesha wanafunzi kukikariri kitu kwa macho, kisha kukichora kikiwa hakipo. Jaribu na sufuria yako. Itazame, toka nje, chora, rudi ulinganishe. Utashangaa mshikio uliuweka wapi, nawe unapakua humo kila siku. Anza na sufuria kweli. Uso wa marehemu usubiri, maana kuukosea kunauma, na kuupatia kunaweza kuuma zaidi.

Picha ya pili ya shangazi nilimpa kijana anayechora kwa makaa ya jikoni. Alikaa kwetu jioni nzima na daftari. Alifunga kitambaa upande gani? Akicheka, mdomo ulikwenda wapi? Mama akajibu, akabishana na kaka yangu, akanyamaza kidogo, akajibu tena. Mkono wa picha hiyo ni mzito kuliko ule wa kwanza, na bega moja limekaa vibaya. Mama aliisogelea akaigusa ndewe iliyopasuka, kidole kikatoka cheusi. Akauliza kama tunaweza kuiwekea kioo kabla moshi haujaifikia.