Heko kwa wauguzi na madaktari wa FEAST

Pongezi hizi ni za wauguzi na madaktari wa wodi za watoto za Kilifi, Muheza, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor, ambako utafiti wa FEAST ulifanyika. Mtoto aliletwa ana homa kali, anahema kwa shida, mikono baridi. Walibonyeza ukucha, wakahesabu sekunde hadi damu irudi. Ikichelewa, mafunzo yalisema: mmiminie dripu haraka.

Utafiti wa FEAST, ukiongozwa na Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi, ulithubutu kuuliza kama dripu hiyo inaokoa kweli. Walishiriki watoto zaidi ya 3,000. Matokeo ya 2011 yaliwashtua wengi: ndani ya saa 48, kati ya waliomiminiwa maji walifariki takriban asilimia 10.5, wasiomiminiwa, 7.3. (Wenye kuharisha hawakuhusishwa, hao maji wanayahitaji.)

Ninachokienzi zaidi ni uaminifu wao. Waliandika kila kifo, hata kilipokana walichofundishwa na kukiamini. Hatari ilipodhihirika, Januari 2011, uandikishaji ulisitishwa. Na wazazi walioridhia mtoto ashirikishwe, akiwa mahututi, wanastahili heshima ileile.