Namba Moja Kutoka Darasa la Kwanza Hadi Kazini: Fizi na Baraka Zinakosa Nini?

Juu ya buleteni ya mwanafunzi wa Kongo kuna visanduku vya kujazwa tarakimu. Safu moja imeandikwa N° ID, nyingine N° PERM, yaani namba ya kudumu ya mwanafunzi. Aliyeibuni fomu hiyo alikuwa na wazo sahihi: mtoto apewe namba siku anapoanza shule, aende nayo kila anakohamia, mpaka amalize masomo na kuingia kazini. Wazo lipo kwenye karatasi. Kinachokosekana ni utaratibu wa kulitekeleza, na katika wilaya ya Fizi na mji wa Baraka gharama ya kukosekana huko ni kubwa kuliko sehemu nyingi za nchi.

Ninachokitetea hapa ni kimoja. Kongo haikosi takwimu za elimu, bali namba ya kuziunganisha.

Nani anahesabu nini

Chombo cha kwanza ni SIGE, mfumo wa taarifa za usimamizi wa elimu. Kila mwaka madirekta wa shule za msingi na maprefe wa sekondari hujaza madodoso. Fomu hupanda kutoka shuleni hadi sous-division, yaani ofisi ndogo ya elimu ya eneo, zikafika mkoa wa elimu, kisha Kinshasa, ambako huchapishwa kitabu cha takwimu cha mwaka. SIGE huhesabu vichwa: wavulana wangapi, wasichana wangapi, waliorudia darasa wangapi. Haijui jina la yeyote. Msichana akiondoka shule ya Baraka na kuandikishwa Uvira, SIGE itaona pungufu la mmoja huku na ongezeko la mmoja kule, isijue kwamba ni msichana yuleyule. Akiacha shule kabisa, pungufu litaonekana vilevile.

Chombo cha pili ni SECOPE, kilichoundwa mwaka 1985 kudhibiti malipo ya walimu, na ambacho sasa kinaitwa DINACOPE. Hapa kila mwalimu ana matrikili yake, yaani namba ya utumishi, na inafuatiliwa kwa sababu mshahara unapita humo. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza Septemba 2019, madarasa yalifurika, na suala la walimu wasiolipwa, wale wanaoitwa NP, na wapya, NU, likawa wimbo wa kila siku. Baadaye wakaguzi wa fedha wa IGF walikuta shule hewa na walimu hewa kwenye orodha za malipo. Funzo lake ni zito: namba bila uhakiki hugeuka mlango wa wizi. SECOPE ilikuwa na ufunguo, lakini aliyetoa namba na aliyepaswa kuikagua hawakutenganishwa vya kutosha.

Cha tatu ni SERNIE, huduma ya taifa ya utambulisho wa wanafunzi. Kisheria, hiki ndicho kinachopaswa kuzaa namba ya kudumu.

Cha nne ni mitihani: Enafep mwishoni mwa darasa la sita, Tenasosp mwishoni mwa la nane, na Exetat mwishoni mwa mwaka wa nne wa humanités, yaani sekondari ya juu. Kila mtihani una msimbo wake wa mtahiniwa. Ni kwa msimbo huo vijana hutafuta matokeo ya Exetat kwenye simu zao. Ila msimbo huo umefungwa kwenye shule na kikao cha mtihani. Matokeo yakishatoka, kazi yake imekwisha.

Juu ya hapo kuna wizara ya elimu ya juu, wizara ya mafunzo ya ufundi, INPP iliyoanzishwa 1964 kwa ajili ya stadi za kazi, na ONEM inayoandikisha watafuta kazi. Kila moja ina daftari lake. Zote ni kama shanga nzuri zisizotungwa kwenye uzi.

Panapokatika

Kuna sehemu tatu. Ya kwanza ni baada ya darasa la sita: mtoto aliyefaulu Enafep huko Fizi hafuatwi na namba yoyote hadi sekondari, kwa hiyo sous-division haiwezi kusema kwa uhakika ni wangapi wameendelea na ni wangapi wamebaki kwenye mashua za uvuvi au machimbo ya dhahabu. Ya pili ni lango la chuo. Diploma yenyewe huchelewa, na mhitimu hubeba hati ya muda ambayo chuo hakina njia nyepesi ya kuihakiki. Pengo hilo ndilo linalowanufaisha waghushi na kuwaumiza wenye haki. Ya tatu ni kati ya chuo na kazi. Vijana wengi wa pedagojia humaliza, lakini hakuna anayeweza kulinganisha idadi yao na nafasi za walimu zilizo wazi katika sekta za Mutambala au Ngandja, kwa sababu daftari la chuo na daftari la SECOPE hayasemeshani.

Wilayani Fizi kuna jambo la ziada: watu wanahama. Vita vya 1996 na 1998 viliwavusha maelfu kwenda Kigoma, Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996, watoto wa Kikongo waliendelea kusoma kwa mtaala wa Kongo. Oktoba 2005 UNHCR ilianza kuwarudisha watu kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, na prefe aliyewapokea alilazimika kuamua darasa la kila mtoto kwa makaratasi yaliyokuwa mkononi, kama yalikuwepo. Mwaka 2015 safari ikageuka: wakimbizi wa Burundi wakafika kambi ya Lusenda, wilayani Fizi, na watoto wao wakaingia shule za Kongo. Februari 2025, Bukavu, makao makuu ya mkoa, ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, ofisi nyingi za mkoa zilitenganishwa na shule zilizobaki upande wa serikali. Daftari lenye nakala moja katika ofisi moja haliwezi kustahimili hali hiyo.

Ng'ambo ya ziwa walifanyaje

Tanzania haikuanza na mfumo mkubwa. Ilianza na namba ya mtihani. Namba ya NECTA, baraza la mitihani, ya kidato cha nne ina sehemu tatu tu: kituo, mtahiniwa na mwaka. Taasisi nyingine zikakubali kuitumia hiyohiyo. Vyuo vikuu hupeleka majina ya waliochaguliwa kwa TCU, tume ya vyuo vikuu, ambako huhakikiwa kwa namba hiyo. Aliyepitia diploma hupewa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, namba ya uhakiki inayomfungulia mlango wa shahada. Bodi ya Mikopo, HESLB, iliyoanza kazi 2005, humtambua mwombaji kwa namba ya kidato cha nne, kisha humfuata hadi kwa mwajiri: tangu sheria irekebishwe 2016, mwajiri hukata 15% ya mshahara wa mnufaika. Shule, chuo na kazi vikaunganishwa na deni, kwa sababu deni lilimpa kila mmoja sababu ya kuitunza namba.

Udhaifu wake nao uko wazi. Namba hiyo huzaliwa kidato cha nne, kwa hiyo aliyeacha shule mapema hayumo. Anayerudia mtihani hupata namba ya pili. Ndiyo maana NECTA ilijenga mfumo wa PREM, unaompa mtoto namba tangu shule ya msingi na kutumika anapohama.

Kenya ilianza upande wa pili: mfumo wa NEMIS wa 2017 ulimpa kila mwanafunzi namba, lakini ukadai cheti cha kuzaliwa. Watoto wasio na cheti, wakimbizi wakiwemo, walikwama, na shule zao zikakosa fedha kwa ajili yao. Kwetu, ambako chini ya nusu ya watoto wadogo wameandikishwa kuzaliwa, ambako sensa ya mwisho ilikuwa 1984 na kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho, kulifuata sharti hilo ni kuwafungia nje watoto walewale tunaotaka kuwaona.

Kinachowezekana Fizi na Baraka

Kwanza, namba itolewe siku ya kuandikishwa, bila sharti la cheti. Sous-division igawie kila shule fungu la namba mapema, ili direkta wa kijiji kisicho na mtandao aweze kuzitoa kwa kalamu. Tarakimu ya mwisho ikokotolewe kutokana na zile zilizotangulia, ili kosa la kunakili ligundulike papo hapo.

Pili, namba isiwe na maana ndani yake. Isibebe msimbo wa kijiji wala dini, na kabila lisiandikwe popote katika daftari hilo. Katika milima ambako Wabembe, Wafuliru, Wanyindu na Wanyamulenge wamezika watu katika uhasama wa kikabila, daftari lenye kabila ni silaha. Sheria ya kidijitali ya Machi 2023 inalinda taarifa binafsi, na namna ya kuitii ni kukusanya machache: jina, mwaka wa kuzaliwa, shule, darasa, matokeo.

Tatu, namba hiyohiyo iingie kwenye orodha za Enafep, Tenasosp na Exetat, kisha chuo, INPP na ONEM ziiulize wakati wa kuandikisha.

Nne, anayetoa asiwe anayehakiki. Shule itoe, inspekta ahesabu watoto darasani, na nakala ya tatu itunzwe nje ya eneo la vita.

Hakuna hata moja kati ya haya linalodai kwanza mradi wa mamilioni. Linalodaiwa ni makubaliano ya SERNIE, ukaguzi wa elimu, wizara ya elimu ya juu na ONEM juu ya namba moja. Wafadhili wakija Baraka na kompyuta kabla ya makubaliano hayo, wakuu wa shule waulize kwanza: nani anatoa namba, na nani anaikagua? Pasipo jibu, kompyuta hizo zitaongeza daftari jingine tu juu ya yale tuliyonayo.