"Usawa" Unapopotosha: Neno Moja la Kemia

Mmenyuko wa kemikali unapokwenda mbele na kurudi nyuma kwa kasi moja, walimu wengi huiita hali hiyo "usawa". Tunaona neno hili linapotosha. Mwanafunzi hudhani vitu vimelingana kwa kiasi na kwamba mmenyuko umekoma.

Tuzitazame teksi za Jinja na Mbale. Zikiondoka 10 kila upande kwa saa, idadi kwenye stendi haibadiliki, hata kama Jinja zipo 30 na Mbale 15. Kilicholingana ni mwendo tu.

Kanuni ya Le Chatelier (1884) husema kuwa hali ikibadilishwa, mfumo huelekea upande unaopunguza badiliko hilo. Soda ikifunguliwa, shinikizo hushuka na gesi hutoka. Ikiachwa juani, gesi hutoka pia. "Usawa" hauonyeshi kuhama huku.

Tunapendekeza "msawazo", kwa kuwa lina kitenzi "sawaza", yaani tendo linaloendelea. Hata hivyo mzizi ni ule ule "sawa", hivyo mwalimu bado atalazimika kufafanua. Istilahi ikipotoka, mwanafunzi hufeli bila kujua kilichomponza.