Mpanga Njia na Mwenda kwa Miguu

Uhakiki wetu umezoea kumtafuta shujaa, ukamsahau aliyempangia ardhi ya kukanyaga. Katika michezo ya video kazi hiyo ni fani yenye mabingwa wake. Mmoja wao ni Hirokazu Yasuhara wa Japani, aliyepanga viwanja vya Sonic the Hedgehog mwaka 1991. Ulimwengu ulimkariri kalunguyeye wa buluu aendaye mbio. Jina la aliyeinua vilima na kuchimba mabonde likabaki kwa wachache.

Usanii wake umo katika njia za tabaka. Mchezaji hodari hupita juu, upesi. Aliyeteleza huangukia njia ya chini, yenye vikwazo zaidi, lakini nayo ni njia. Aghalabu kosa moja halimtoi mtu mchezoni. Wala hahitaji maandishi ya kumwongoza: mteremko wenyewe humwambia akimbie. Elimu hiyo Yasuhara aliivusha hadi Marekani, katika Sonic 2 ya mwaka 1992, kisha Jak II (2003) na Uncharted (2007). Mashujaa walibadilika, swali lilibaki lile lile: mguu utajuaje pa kwenda?

Swali hilo halikomei mchezoni. Dodoma nayo ni ardhi iliyopangwa kabla wengi wa wachezaji wake hawajafika. Uamuzi wa kuhamishia huko makao makuu ulipitishwa mwaka 1973. Mwaka 1976 kampuni ya Project Planning Associates ya Kanada ikatoa mpango uliomtanguliza mwenda kwa miguu, baiskeli na basi, na kuutaka mji ufuate vilima vyake badala ya kushindana navyo. Serikali ilianza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016. Dodoma ikawa jiji mwaka 2018.

Kwa mizani ya Yasuhara, wino wa 1976 ulikuwa na busara. Linalobaki kuhakikiwa ni utekelezaji wake. Mwenye gari ndiye apitaye njia ya juu. Aliyeshuka basi huipita ya chini, juani, katika uwanda ambao wastani wa mvua yake haufiki milimita 600 kwa mwaka. Kwake yeye mti mmoja wa kivuli ni sehemu ya usanifu, si pambo.

Mchezaji aliyeshindwa huanza upya. Mji haujengwi mara mbili. Kwa hiyo mpanga mji na ahukumiwe kwa njia yake ya chini.