Mvuto Kwanza, Ladha Baadaye: Jinsi Biri Bora Inavyopimwa

Biri ikipewa alama 93 kati ya 100, jambo la kwanza watu wanalouliza ni ladha. Ina kakao? Ina pilipili manga? Inanukia mwerezi? Swali ni halali, ila limekuja mapema mno. Kabla moshi haujafika ulimini, biri imeshapita shambani, kwenye banda la kuanikia, mezani kwa msokotaji na ghalani, na kila kituo kinaweza kuiachia dosari yake. Mwonjaji hodari ni yule anayekutana na uchungu akajua umetoka kituo gani. Asiyejua hilo anatoa maoni yake tu, hata akiyaandika kwa tarakimu.

Tuanze na majani. Kigezo kinachotajwa zaidi duniani ni Cuba, hasa eneo la Vuelta Abajo katika mkoa wa Pinar del Río. Biri ya huko ina majani ya ndani, jani la kuyafunga, na jani la nje linaloonekana. Majani ya ndani huteuliwa kufuatana na nafasi yake kwenye mmea. Volado, ya chini, huungua kwa wepesi. Seco, ya kati, huleta harufu. Ligero, ya juu, yamepata jua kuliko mengine: ni mazito, yana mafuta, ndiyo yenye ukali, na huungua polepole. Mkulima wa tumbaku wa Urambo, mkoani Tabora, haoni ugeni hapo, kwani naye huchuma kuanzia chini kwenda juu na kuteua kwa nafasi ya jani, rangi na ubora.

Njia zinaachana kwenye ukaushaji. Tumbaku ya mvuke ya Tabora hukaushwa kwa joto la bani (banda la kukaushia) kwa siku chache na kubaki na sukari nyingi, ndiyo maana moshi wake una asidi. Jani la biri huanikwa kwa hewa tu kwa wiki kadhaa, kisha huvundikwa kwa marundo. Joto hupanda lenyewe ndani ya rundo. Likizidi, rundo hufumuliwa na kupangwa upya. Katika kipindi hicho protini huvunjika na amonia hutoka. Chapa ya Cohiba, iliyoanza mwaka 1966, ilijijengea jina kwa kuyavundika majani ya seco na ligero mara ya tatu, zaidi ya kawaida ya biri nyingine za Cuba. Kwa mwonjaji, maarifa haya ni ya kazi: biri inayochoma pua kwa harufu ya amonia haijavundika vya kutosha au haijapumzishwa. Hapo msokotaji hana kosa.

Kosa la msokotaji hujionyesha kwenye mvuto. Mtazame akiwa mbele ya ubao wake. Hukunja kila jani la ndani peke yake ili liache kijia cha hewa, kisha huyakusanya kiganjani, ligero likiwa katikati kwa sababu ndilo linalochelewa kuungua. Huyazungushia jani la kufungia, na kiini hicho huenda kwenye kalibu na kubanwa. Baadaye hulinyoosha jani la nje, hulikata kwa kisu cha nusu duara, hulizungusha kwa mkazo uleule toka mguuni (ncha ya kuwashwa) hadi kichwani (ncha ya mdomoni), na kumalizia kwa kofia ya kufunika kichwa, akiibandika kwa gundi ya mmea isiyo na ladha. Majani yakijipinda ndani kama kamba, hewa inaziba. Yakipungua mahali, panabaki shimo. Ligero likisogea pembeni, upande mmoja unaungua na mwingine unabaki nyuma.

Sasa angalia dosari hizo zinavyofika ulimini. Biri iliyoziba humlazimisha mvutaji kuvuta kwa nguvu. Kaa linapata joto la ghafla, lami inajikusanya kwenye njia nyembamba, na moshi unakuwa mchungu. Biri iliyolegea hupitisha hewa nyingi, huungua haraka, na moshi wake unafika ukiwa wa moto na mkavu. Mwonjaji asiye makini ataandika kuwa tumbaku ni kali, wakati majani yenyewe huenda ni mazuri kabisa. Kwa hiyo mvuto hupimwa kwanza. Ndio mlango wa vipimo vingine vyote.

Cuba ilijifunza hili kwa gharama. Katika wimbi la biri la miaka ya 1990 mahitaji yalipanda, uzalishaji ukapanuliwa haraka, na wanunuzi wakaanza kulalamikia biri zilizoziba. Kwa muda mrefu viwanda vya Havana vilikuwa vinategemea majopo yao ya waonjaji, ambao huvuta sampuli kutoka kwa kila msokotaji na kupima mvuto, uunguaji, ukali, harufu na ladha. Majopo hayo ni mazuri, lakini biri iliyoonjwa imeshakwisha, na zile zilizobaki mezani hazijaguswa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 viwanda vikaingiza mashine za kupima mvuto. Kiini hupimwa kabla ya kuvikwa jani la nje: mashine hupitisha hewa na kusoma ukinzani wake, na kilichoziba hufumuliwa kikasukwa upya. Uzuri wa hatua hii ni mahali ilipowekwa. Dosari inakamatwa wakati bado inarekebishika, tena kabla ya kupoteza jani la nje, lililo ghali kuliko yote.

Kwenye meza ya jopo, kazi huanza kwa macho na vidole. Pete ya jina huvuliwa. Mwonjaji huitembeza biri kati ya kidole gumba na cha shahada kutafuta sehemu laini na sehemu ngumu. Hutazama kama mishipa ya jani la nje ni myembamba na kama mafuta yake yanang'aa. Hukata kofia na kuvuta kabla ya kuwasha, na hapo tayari anajua nusu ya habari za mvuto. Kisha huwasha taratibu ili mduara wote ushike moto sawasawa, na huvuta takriban mara moja kwa dakika. Akiharakisha, joto litampa uchungu ambao ni wake mwenyewe.

Jivu nalo husomwa, lakini kwa tahadhari. Wengi hulisifu jivu jeupe kuwa alama ya ubora. Rangi yake hutegemea zaidi madini yaliyomo kwenye jani, hasa magnesi na kalisi, na madini hayo hutoka kwenye udongo na mbolea. Linalosema zaidi ni umbo. Jivu lililoshikamana linaonyesha majani marefu yaliyopangwa vizuri. Linalomomonyoka vipandevipande linaamsha shaka. Biri inayozima kila mara ingawa imehifadhiwa vizuri huweza kuwa na jani lenye klorini nyingi, na shauri hilo ni la shambani, kwenye maji na mbolea.

Sasa ndipo ladha. Ulimi wenyewe hutambua machache: utamu, uchachu, chumvi, uchungu na ladha ya mchuzi wa nyama. Kakao, kahawa, mwerezi na ngozi hutambuliwa na pua, kwa harufu inayopanda kutoka nyuma ya mdomo. Ndiyo maana mwonjaji hupitisha moshi kidogo puani bila kuushusha mapafuni. Biri husomwa kwa theluthi tatu, maana kadiri kaa linavyokaribia kichwa ndivyo joto na nikotini vinavyozidi. Biri bora hubadilika bila kuharibika. Nyingine huanza kwa uzuri na kuishia kwa uchungu mtupu. Aliyeandika ripoti kwa theluthi ya kwanza peke yake hajamaliza kazi.

Namba hutokeaje? Jarida la Marekani la Cigar Aficionado, lililoanzishwa na Marvin Shanken mwaka 1992, hutoa hadi alama 15 kwa sura na usokotaji, 25 kwa ladha, 25 kwa mvuto na uunguaji, na 35 kwa tathmini ya jumla. Waonjaji wake hupewa biri zisizo na jina, zenye namba tu. Kuficha jina ni nguzo ya haki: pete ya Cohiba ikibaki mahali pake, ulimi huanza kusifu kabla haujaonja. Lakini fungu la 35 naliona kuwa kubwa mno. Ndilo fungu kubwa kuliko yote, na ndilo lisilo na kitu mahususi linachokipima. Mvuto mbaya unaweza kusamehewa humo, na ladha ya wastani ikapandishwa humo.

Kuna pia suala la ghala. Biri hutunzwa kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Ukizidi, majani huvimba na kuziba njia ya hewa. Ukipungua, jani la nje hupasuka na biri huungua haraka. Biri moja iliyotunzwa vibaya inaweza kulichafua jina la kiwanda kizima, kwa hiyo jopo la haki huvuta ya pili kutoka kundi lilelile kabla ya kuhukumu.

Na ubora wa usokotaji hauondoi madhara. Hata moshi usiposhushwa mapafuni, biri husababisha saratani ya mdomo, koo na umio, na biri kubwa inaweza kuwa na tumbaku inayokaribia ya pakiti nzima ya sigara. Alama 95 hupima ufundi; usalama haumo kwenye hesabu hiyo.

Jopo linalotaka kuaminiwa, basi, liandike kando ya namba yake: jina lilifichwa au la, biri ngapi zilivutwa, zilitunzwaje, na kila dosari ilitoka kituo gani. Maelezo hayo manne humwezesha mnunuzi kuchagua, na humwambia mkulima, mvundikaji na msokotaji ni nani kati yao anayepaswa kurekebisha kazi yake. Namba pekee haimwambii yeyote kati yao la kufanya kesho asubuhi.