Kigae si Marumaru: Maoni Kuhusu Tafsiri ya Maelekezo ya Kutandika Sakafu

Tumeletewa karatasi ya maelekezo ya kutandika vigae vya sakafu nyumbani, iliyofasiriwa kutoka Kiingereza, ili tuitolee maoni. Kwa upande wa sarufi hatuna malalamiko. Sentensi zake zimenyooka, upatanisho umezingatiwa, wala mfasiri hakukimbilia kutohoa kila neno lililompa taabu. Hata hivyo, mwenye nyumba akiifuata karatasi hii kama ilivyoandikwa, yamkini ataharibu sakafu yake.

Tuanze na jina la kitu chenyewe. Karatasi yakiita "marumaru", na ni kweli kwamba katika Tanzania wauzaji na wanunuzi wengi husema hivyo. Lakini marumaru ni jiwe, lichimbwalo na kukatwa. Kigae ni udongo ulioshindiliwa ukachomwa tanuruni. Tofauti hii si ya wanalughawiya peke yao. Jiwe la marumaru huliwa na ndimu au siki, ilhali kigae chenye utando wa kioo hakidhuriki upesi hivyo. Kwa hiyo hata namna ya kuvisafisha si moja. Tena istilahi hizi huingia katika makadirio na mikataba. Palipoandikwa "marumaru" bila maelezo, mnunuzi aweza kulipia jiwe akaletewa udongo uliochomwa, na asiwepo wa kumshtaki kwa uongo.

Wapo wanaokikataa "kigae" kwa hoja kwamba maana yake ni kipande cha chungu kilichovunjika, au kile cha kuezekea paa. Hoja hii haituridhishi. "Sakafu" yenyewe yatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya dari au paa. Katika nyumba za mawe za pwani, paa bapa na sakafu ya ghorofani vilijengwa kwa chokaa na mawe vikapigwa kwa namna moja, na neno likashuka kutoka juu hadi chini ya miguu yetu bila kumpotosha mtu. Basi "kigae cha paa", "kigae cha ukuta" na "kigae cha sakafu" vyatosha.

Viambishi hivyo vya maana visiachwe. Kanuni ya kimataifa ya ISO 13006 hupanga vigae kwa kadiri vinavyofyonza maji: vile vya kauri havizidi asilimia 0.5 ya uzito wake, na vile vinavyozidi asilimia 10 kwa kawaida ni vya ukutani. Karatasi yetu yasema "marumaru" kwa vyote. (Kauri, tukumbushe, si neno geni katika ujenzi wetu: sahani za kauri kutoka Uchina zilipachikwa katika makaburi ya nguzo ya Kunduchi karne nyingi zilizopita.)

Kosa lililo kubwa zaidi limejificha katika neno dogo. "Hakikisha sakafu iko sawa," yasema karatasi, kisha yarudia agizo hilo kwa sebule na kwa bafu. Sawa kwa maana gani? Sakafu yaweza kuwa bapa, yaani isiyo na vilima wala mabonde, na bado ikawa imeinama. Yaweza pia kulala sawa na maji yaliyotulia. Sebuleni twataka yote mawili. Bafuni twataka ubapa, lakini pamoja na mwinamo wa sentimita 1 au 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji. Anayesoma "sawa" ataweka pimamaji, ataona povu limetulia katikati, atafurahi; kisha siku ya kwanza ya kuoga maji yatasimama miguuni pake. Mafundi wana maneno ya kutenganisha mambo haya, "bapa", "usawa wa maji", "mwinamo", na twashangaa kwamba mfasiri hakuwauliza.

Vivyo hivyo kwa "kukauka". Karatasi yaagiza kwamba zege jipya liachwe "likauke" kwa siku 28 kabla ya kutandika. Saruji haipati nguvu kwa kukauka, bali kwa kuungana na maji. Ndiyo maana zege humwagiliwa siku za mwanzo na kufunikwa lisipigwe na jua. Msomaji aliyeambiwa "likauke" atalianika, nalo litapasuka, na nyufa zake zitapanda hadi kwenye vigae. Neno lifaalo ni "kukomaa". Kukauka kwaja baadaye, nako kuna haja yake, lakini ni jambo jingine.

Machache yaliyobaki tutayapitia upesi. "Gundi" pekee humpeleka mtu kwenye duka la vifaa vya ofisi. Iandikwe "gundi ya saruji", kwa kuwa ni unga unaokorogwa kwa maji. "Chokaa ya nyufa" kwa kile kinachojazwa kati ya kigae na kigae hakifai kabisa, maana nafasi zile si nyufa: zimeachwa kwa makusudi. Mafundi husema "grauti", na hatuoni sababu ya kuwanyang'anya. Tungependekeza iwe "grauti ya viungo", na kwamba karatasi, kabla haijachapwa tena, isomwe kwa sauti mbele ya fundi mmoja mwenye mwiko mkononi, naye aruhusiwe kukatiza.