Gundi na Kifuniko

Wengine humu huhakiki vitabu. Mimi leo nahakiki simu, tena mgongo wake.

Nokia 1100 ilitoka 2003. Kifuniko unakifungua kwa kucha, betri unaitoa, unaweka nyingine, maisha yanaendelea. Ilikuwa na tochi, na vibonye vyake vilizibwa vumbi lisiingie. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Simu nyingi za leo zimefungwa kwa gundi. Hapa Kasubi fundi anazipasha moto kwanza, anapenyeza kikadi cha plastiki polepole, huku anaomba Mungu kioo kisipasuke. Kikipasuka, hasara ya nani? Ya mteja, si ya aliyeichora.

Ati ni teknolojia tu. Hapana, kuna mtu alikaa mezani akachagua gundi. Simu ikifa mapema kwa sababu ya betri, inanunuliwa nyingine, na koltani ya ile nyingine inatoka mahali kama Rubaya, kule Masisi, palipotekwa na M23 mwaka 2024. Wanaochimba ni vijana wa rika letu, kwa sururu na koleo. Baadhi yetu tunaosoma gazeti hili tumetoka pande hizo hizo. Na iliyokufa inakwenda kwenye takataka. Jalala la Kiteezi, la Kampala hii hii, liliporomoka tarehe 10 Agosti 2024, likafukia nyumba na kuua watu zaidi ya 30.

Fairphone ya Uholanzi inasifiwa, na kwa haki: tangu 2013 wanafuatilia madini yanatoka wapi, na betri ya simu zao mwenyewe unaitoa. Lakini soko lao ni Ulaya. Huko pia kuna sheria ya 2023 inayotaka, kuanzia Februari 2027, betri za vifaa vingi vidogo ziweze kutolewa na mtumiaji. Yaani anayeishi karibu na shimo la koltani anabaki na gundi.

Mwaka jana shirika moja lilituletea tableti 12 za masomo. Picha zikapigwa, tukashukuru. Saba zimevimba betri, na fundi amekataa kuzigusa. Ndugu zetu wa mashirika, kwenye fomu ya manunuzi mnauliza bei na ukubwa wa kioo. Ulizeni pia kama inafunguka. Zile saba bado ziko kabatini, ndani ya ndoo ya mchanga, maana hakuna aliyetuambia pa kuzipeleka.